MWALIMU WA NASARI NAYE NI MFANYAKAZI



Kwa kawaida ukurasa huu huzungumza habari za mishahara, za zamu, za ajali za mashine na za mikutano ya chama na waajiri. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tuzungumze habari za mtu ambaye hayumo katika orodha ya wanachama wetu, lakini kila siku ya kazi tunamtegemea. Bila yeye, mama wengi wa viwandani wasingeweza kushika zamu ya asubuhi, na wakata miwa wengi wangelazimika kwenda shambani na watoto mgongoni. Mtu huyo ni mwalimu wa nasari.

Mwaka wa shule katika Uganda kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa mwezi wa Februari. Mwaka huu, siku shule zilipofunguliwa, tulikwenda Walukuba, Jinja, tukaomba kukaa katika shule moja ndogo ya nasari tangu alfajiri mpaka watoto waende nyumbani. Jina la shule na la mwalimu tunayahifadhi kwa ombi lake.

SIKU YA KWANZA

Walukuba mnaijua. Ni mtaa uliojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, na mpaka leo wengi wa wakazi wake ni watu wa jasho. Shule yenyewe ni vyumba vitatu vya kupanga na ua mmoja wenye mwembe.

Tulipofika saa kumi na mbili kasoro dakika chache, mwalimu alikuwa amekwisha kufagia. Sufuria ya uji ilikuwa motoni. Juu ya meza palikuwa na vipande vya maboksi ya sabuni, ametoboa tundu na kutia uzi, na kila kipande kina jina la mtoto. Kazi hiyo aliifanya nyumbani kwa wiki nzima, usiku, kwa taa yake mwenyewe. Hakuna aliyemlipa kwa wiki hiyo.

Mama wa kwanza alifika saa kumi na mbili na nusu. Zamu yake kiwandani ilikuwa ya saa moja. Mtoto wake wa miaka mitatu alimshika kitenge kwa mikono yote miwili, akalia mpaka sauti ikakauka. Mama akataka kutoroka kwa mlango wa nyuma, kama wengi wetu tunavyofanya. Mwalimu akamzuia.

"Mama, usimtoroke. Mwage. Mwambie utarudi saa ngapi, kisha nenda bila kugeuka."

Baadaye tulimwuliza sababu. Akasema mtoto aliyetorokwa Jumatatu hawezi kucheza Jumanne, kwa kuwa macho yake hukaa mlangoni siku nzima. Lakini mtoto aliyeagwa, hata akilia, hujifunza kwamba anayeondoka hurudi. "Hilo ndilo somo la kwanza la mwaka," alisema. "Kabla ya a, e, i, o, u."

Hadi saa mbili darasa la Bebi, yaani la wadogo kabisa, lilikuwa na watoto 34 na mwalimu huyo mmoja. Walikuwapo waliosema Kisoga, Kiganda, Kijopadhola, Kisamia, na wengine Kiswahili chetu cha mtaani. Mmoja alijikojolea. Wawili walipigania gari la kopo. Mtoto wa mkata miwa alilala usingizi chini ya benchi, kwa sababu aliamshwa saa kumi za usiku. Mwalimu hakumwamsha. Alimfunika kanga akaendelea na wengine.

Kijana mmoja mdogo alisimama mlangoni asubuhi nzima, ameshika kiatu chake mkononi, tayari kwa safari ya kurudi kwao. Hakutaka kukaa wala kuimba. Ilipofika saa ya uji, mwalimu alimwita, akampa kazi ya kugawa vikombe. Akagawa vyote 34, kimoja kimoja, kisha akakaa chini na cha kwake. "Mtu mwenye kazi hapati nafasi ya kulia," mwalimu alituambia, akacheka.

KUCHEZA NI KUJIFUNZA

Wazazi wengi, na sisi tumo, tukimchukua mtoto jioni tunauliza, "Leo ameandika nini?" Tukiambiwa wamehesabu vizibo vya soda, wamefinyanga udongo na kuimba, tunaguna kwamba karo yetu inaliwa bure.

Ndugu, tufikiri kama mafundi. Kijana mpya karakana hapewi mashine siku ya kwanza. Kwanza hushika spana, hujua uzito wake, hujua nati ipi inaingia wapi. Mtoto naye ni vivyo hivyo. Anayefinyanga udongo anatia nguvu vidole vitakavyoshika penseli. Anayetenga vizibo vyekundu na vya kijani anaanza hesabu. Anayeimba na wenzake anapata maneno, na pia anajifunza kungoja zamu yake. Mwalimu aliyetengeneza vifaa hivyo kwa taka za mtaani amefanya kazi ya ufundi, ingawa hakuna anayeihesabu kuwa kazi.

SHULE HII ILIZALIWA KWA WAFANYAKAZI

Wako wanaodhani nasari ni jambo la matajiri. Historia inasema vingine. Mwaka 1816 huko New Lanark, Scotland, penye kiwanda kikubwa cha kusokota pamba, Robert Owen alifungua shule kwa watoto wa wafanyakazi wake. (Owen huyu siye yule ambaye maporomoko yetu ya Jinja yalipewa jina lake.) Aliacha kuajiri watoto wa chini ya miaka 10, na wadogo kabisa akawawekea chumba chao. Mwalimu wao, James Buchanan, alikuwa mfumaji wa nguo, na msaidizi wake, Molly Young, alikuwa msichana wa pale pale kijijini kwa wafanyakazi. Amri waliyopewa ilikuwa kwamba wasimpige mtoto hata mmoja. Owen huyo huyo baadaye, mwaka 1834, alikuwa kiongozi katika jitihada ya kuunganisha vyama vya wafanyakazi wa Uingereza viwe chama kimoja kikubwa.

Tena, mwaka 1907, mjini Roma, daktari Maria Montessori alianza nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo. Ulikuwa mtaa wa maskini, ambako wazazi walitoka asubuhi kwenda kazini na watoto wakabaki wakizurura ngazini na kuchafua kuta. Leo jina la Montessori limeandikwa kwenye mageti ya shule za gharama kubwa, nalo lilianza kwa watu kama sisi.

SHERIA YETU INASEMAJE

Mwaka 1997 serikali ya Uganda ilianzisha Elimu ya Msingi kwa Wote, ambayo wote tunaiita UPE. Lakini UPE huanza darasa la kwanza. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliitambua nasari kuwa ngazi ya kwanza ya elimu, ila uendeshaji wake ukaachwa mikononi mwa watu binafsi na mashirika. Maana yake ni kwamba mwalimu wa nasari hamo katika mishahara ya serikali. Mshahara wake hutoka katika karo, na karo hutoka katika mifuko yetu.

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Tupige hesabu ya mfano, si ya shule fulani. Shule ina watoto 60, karo ni shilingi 60,000 kwa muhula. Jumla ni 3,600,000. Muhula ni miezi mitatu, basi kwa mwezi ni 1,200,000. Ondoa kodi ya nyumba 250,000. Ondoa unga, sukari na kuni 200,000. Zinabaki 750,000 za walimu wanne na mpishi mmoja, yaani 150,000 kila mmoja. Hizo ni fedha kidogo sana, lakini angalau hesabu imefunga.

Sasa tuangalie mwezi wa kwanza wa mwaka ulivyo kweli. Sisi wafanyakazi tumetoka katika Krismasi, na Januari imetumaliza. Mshahara huja mwisho wa mwezi, na wakata miwa wa kipande hungoja hesabu ya vipande vyao. Shule inafunguliwa, tunampeleka mtoto na ufagio na karatasi za choo, karo tunasema "kesho." Tuseme hadi mwisho wa Februari wazazi 20 tu wamelipa, tena nusu nusu. Hizo ni shilingi 600,000. Mwenye nyumba hangoji, atachukua 250,000. Watoto lazima wale, 200,000 zinakwenda. Zinabaki 150,000 za watu watano. Kila mmoja anapata 30,000 kwa mwezi mzima wa kulelewa watoto wetu.

Ndugu, mwajiri akitulipa hivyo, sisi tungeweka chini zana siku hiyo hiyo.

DAFTARI LA KARO

Saa nane, watoto walipokwisha kwenda, mwalimu alitufungulia daftari la karo. Halikuwa la mwaka huu, lilikuwa la mwaka uliopita. Waliolipa wameandikwa kwa kalamu ya buluu, wenye deni kwa nyekundu. Kurasa zilikuwa nyekundu kuliko buluu. Tulisoma majina ya watoto, na kwa kuwa Walukuba tunafahamiana, tuliwajua wazazi. Wengi walikuwa wanachama wetu. Mmoja ni mjumbe wa chama kazini kwake, hodari wa kusema mkutanoni. Na katika ukurasa wa tatu tulikuta jina la mtoto wa nyumba yetu sisi wenyewe tunaoandika haya. Deni lilikuwa la muhula wa tatu, karo nzima.

Tuliona haya. Mwalimu alikuwa amelijua jina hilo tangu tulipobisha hodi alfajiri, na hakulitaja. Alitupa uji katika kikombe kama wageni wengine.

Hatukuandika jambo hili ili tusifiwe kwa kukiri. Tumeliandika kwa sababu linaonyesha kosa lililo ndani ya umoja wetu. Tunasimama kudai mshahara ulipwe tarehe yake, na tunayo haki. Lakini yupo mama mmoja hapa mtaani ambaye, kwa hesabu, waajiri wake ni sisi. Na sisi tumemlipa kama mwajiri yule tunayemlalamikia.

MBALE: MWAKA ULIOANZA BAADA YA MIAKA MIWILI

Wiki iliyofuata kazi ya chama ilitupeleka Mbale. Tulipanda teksi Jinja, tukapita Iganga na Tirinyi mpaka Wanale ikaonekana. Mbale nayo ina wafanyakazi wengi. Wako wa kahawa, wako wa mashine za kukoboa mpunga, na tangu 2018 wako wa viwanda vya eneo jipya la viwanda. Tulitaka kujua kama yale tuliyoyaona Jinja ni ya Jinja peke yake.

Huko Namatala tulikaa na mwalimu mwingine mwenye miaka mingi katika kazi hiyo. Tukamwuliza ni mwaka gani wa shule ulikuwa mgumu kuuanza kuliko yote. Hakufikiri. Alisema, "2022."

Wasomaji watakumbuka. Shule zote za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Madarasa ya mtihani yalirudi Oktoba mwaka huo, mengine yakafuata kidogo kidogo, kisha yakafungwa tena. Nasari hazikuruhusiwa kabisa mpaka shule zote zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Ni karibu miaka miwili. Walimu wa serikali waliendelea kupata mshahara, nayo ilikuwa haki yao. Mwalimu wa nasari, ambaye mshahara wake ni karo, hakupata kitu, maana hapakuwa na mtoto wala karo. Huyu wa Namatala aliuza nyanya na mandazi kando ya barabara. Wenzake wawili walirudi vijijini kulima, na mmoja wao hakurudi tena darasani.

Jambo lililotugusa zaidi ni habari ya watoto. Yule aliyekuwa na miaka mitatu mwaka 2020 alifika 2022 ana miaka mitano, amekwisha kuruka Bebi na Mido, anaingia moja kwa moja darasa la Topu, ambalo hutangulia darasa la kwanza. Hakuwahi kushika penseli. Hakuwahi kukaa na watoto wengine akingoja zamu. "Nilikuwa na darasa la Topu kwa umri, la Bebi kwa mwendo," mwalimu alisema. Basi akafanya hivi: muhula wa kwanza wote aliwafundisha ya Bebi, wa pili ya Mido, wa tatu ya Topu. Miaka mitatu katika mwaka mmoja. Wazazi walinung'unika kwamba watoto wakubwa wanachezea udongo. Hakujibizana nao. Novemba walikuwa wanaandika majina yao.

Tulipomwuliza alilipwa nini kwa kazi ya miaka mitatu katika mmoja, alisema alilipwa kama kawaida, nusu nusu. Alisema bila uchungu, na hilo ndilo lililotutia uchungu sisi.

HAKI ZAKE NI KAMA ZETU

Mwalimu wa nasari si msaidizi wa nyumbani wala mtu wa kujitolea. Ni mfanyakazi, na sheria za kazi zinamhusu. Tuzitaje kwa ufupi, ili anayesoma ampelekee habari.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, kabla ya wiki 12 kupita tangu aanze. Mwalimu wa Jinja na yule wa Mbale, wote wawili, walikuwa na mkataba wa mdomo tu. Sheria hiyo hiyo inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Na aliyefanya kazi zaidi ya mwaka hawezi kuondolewa kwa neno la siku moja, kwani ni lazima apewe notisi isiyopungua mwezi.

Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, zamani uliwahusu waajiri wenye wafanyakazi watano au zaidi. Nasari nyingi zina watatu au wanne, zikapita chini ya uzio. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, na sasa kila mwajiri anahusika, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Mfanyakazi hukatwa 5 kwa mia, mwajiri huongeza 10 kwa mia. Kwa mshahara wa 150,000, hizo ni 7,500 na 15,000, jumla 22,500 kila mwezi. Kwa mwaka ni 270,000. Ni akiba ya mtu aliyelea watoto wa mtaa mzima na mwenyewe hana cha kuzeekea.

Na Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama cha wafanyakazi au kujiunga nacho. Haikusema kila mfanyakazi isipokuwa wa nasari.

Tunajua wenye shule ndogo watasema hawana fedha, na wengi wao wanasema kweli, kwa maana mwenye shule mara nyingi ni mwalimu mwenzao aliyepanga vyumba. Kwa hiyo hatuwezi kupiga kelele mlangoni kwake na huku karo yetu iko mifukoni. Haki ya mwalimu inaanzia kwetu.

TUFANYE NINI

Tumezungumza na wajumbe wa matawi ya Jinja na Mbale, tukakubaliana juu ya mambo matatu, nasi tunayaleta kwenu.

La kwanza, kila mzazi mwanachama apatane na shule ya mtoto wake kulipa karo kwa mafungu, fungu moja kila siku ya mshahara, na apatano hilo liandikwe. Shilingi 20,000 kwa miezi mitatu zinalipika. Shilingi 60,000 kwa siku moja ya Februari hazilipiki, na sote tunajua.

La pili, wajumbe wa chama wawaalike walimu wa nasari wa mitaa yao kwenye mikutano yetu ya elimu ya wafanyakazi. Waje wasikie sheria, wajuane, na waamue wenyewe wanataka kujipanga namna gani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

La tatu, tunapokaa mezani na waajiri wakubwa kujadili mikataba ya pamoja, tuweke na suala la watoto wadogo. Kiwanda kinachotaka mama afike saa moja kamili kinajua kwamba mtoto wake yuko mahali fulani saa hiyo. Mahali hapo pana gharama, na si haki ibebwe na mama na mwalimu peke yao. Kwa siku nyingi tumeliacha jambo hili kama si la chama. Ni la chama, tena la kwanza kila asubuhi, kabla ya king'ora.

Tulirudi Walukuba baada ya wiki tatu. Tulikwenda kulipa deni letu kwanza, likaandikwa buluu. Yule kijana wa kiatu tulimkuta uani, amevaa vyote viwili. Alikuwa amesimama karibu na mtoto mgeni aliyeletwa siku hiyo, analia, na alikuwa anamnyoshea kikombe. Mwalimu aliwatazama kwa mbali akiwa ameshika ufagio, hakusema neno.

Ndugu zetu, mwisho wa mwezi huu, bahasha ikishafika mkononi, kabla ya kupita kwa muuza nyama, tupite kwa mwalimu.